Tulisingizia Mahindi

Kwa miezi mingi Mwalimu alikuwa akipoteza sauti yake, na sisi watatu tuliokuwa tukipiga muziki naye kila Jumamosi tulidhani anatufundisha jazi.

Nimeitanguliza habari hii kwa sababu nimezoea redio, na redioni jambo kubwa husomwa kwanza. Pia ni afadhali niiseme mimi kabla ya Fundi. Fundi akiisimulia, mimi huwa mjinga kupita kiasi nilichokuwa, na kiasi nilichokuwa kilitosha kabisa.

Sasa nirudi nyuma. Kikundi chetu kina watu wanne na hakina jina, maana kila jina tulilopendekeza Mwalimu alilikataa. Yeye anaimba. Fundi, mwenye karakana ya kuchomelea mageti karibu na stendi ya Karatu, anapiga gita la besi. Dereva, Mmasai wa upande wa Ngorongoro anayeendesha watalii, anapiga kinanda, na anakipiga kama anavyoshuka kreta: gia ya kwanza, mguu kwenye breki. Mimi ni mwandishi wa redio ya hapa wilayani na napiga saksafoni. Mwalimu husema naishikilia. Ngoma hatuna. Alisema mwimbaji wa opera hufundishwa kujaza ukumbi kwa kifua chake peke yake, na hakupata shida yote hiyo ili aje kushindana na mtu mwenye fimbo mbili.

Mwalimu alikuwa mama aliyestaafu ualimu wa sekondari na bado alikuwa akifundisha kwaya kanisani. Mtu aliyemsikia kwa mara ya kwanza aligeuka kutafuta spika ilipo. Alijifunzia wapi kuimba vile, nimeuliza kwa miaka na nina majibu matatu, yote kutoka kwake. Mchungaji aliambiwa ni Ulaya, kwenye chuo. Fundi aliambiwa ni Oldeani, kwa mke wa meneja wa shamba la kahawa aliyekuwa akiimba akioga. Mimi niliambiwa, "Nilijifunza nikiwa na njaa, baba. Ukishiba pumzi haishuki." Nimeyaandika yote matatu kwa sababu sikuweza kuthibitisha hata moja.

Mazoezi tulifanyia kwenye ghala la kanisa, ambalo wafanyabiashara hulikodi kuwekea mahindi. Naomba ghala hili likumbukwe. Mavuno yakishaingia, magunia hupangwa mpaka karibu na paa na sauti yote humezwa; ukipiga makofi ni kama umepiga godoro. Kadiri magunia yanavyouzwa, ghala huanza kujibu. Kufikia masika limebaki tupu, na Mwalimu alipofungua mdomo mabati yalitetemeka na njiwa wakatoka.

Noti za kizungu hatukujua kuzisoma. Sote watatu tulikulia kwenye kwaya, na kwenye kwaya tulifundishwa solfa, do re mi. Basi Mwalimu alizichukua nyimbo zake za Kiitaliano, akazigeuza solfa, akaziandika kwa chaki upande wa ndani wa mlango wa chuma wa ghala. Mlango una vipande viwili. Wimbo ulianzia kipande cha kushoto ukaishia cha kulia, kwa hiyo ili tuusome ilibidi mlango ufungwe, na ukifungwa ghala linakuwa tanuri. Mlango wenyewe aliutengeneza Fundi. Alisema mara nyingi kwamba angejua utakuja kuwa kitabu cha nyimbo angeuachia tundu la hewa.

Kwa habari ya koo lake Mwalimu alikuwa mkali kuliko walinzi wa lango la hifadhi. Alivaa skafu saa sita mchana. Alitembea na chupa ya maji ya tangawizi yaliyopoa nusu. Wakati wa kiangazi, vumbi jekundu likianza, alijifunika kitenge mpaka kwenye macho, na watoto wa stendi walimsalimia "shikamoo" wakikisia tu ni nani. Sisi alitukataza makande siku ya mazoezi, kwa maelezo kwamba maharage hukaa palepale pumzi inapotaka kukaa. Jumamosi moja nilipita kwake mapema kumbebea mkoba nikamkuta na bakuli limejaa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Vuta kiti ule."

"Lakini Mwalimu, si ulisema makande..."

"Nilisema ninyi. Pumzi yangu inajua pa kupita."

Vivyo hivyo kuhusu saa. Aliyechelewa kati yetu alikuta mlango umefungwa na wimbo umeanza, na hakufunguliwa mpaka wimbo uishe. Yeye mwenyewe sikumbuki siku aliyowahi. Dereva, ambaye kazini hulipishwa akichelewesha wageni, alijaribu kulizungumzia.

"Mwalimu, leo tumekusubiri sana."

"Mwimbaji hachelewi, mwanangu. Anasubiriwa. Ndiyo kazi yenu hiyo."

Jazi niliileta mimi. Nasema hivyo kwa majivuno yasiyo na msingi wowote. Nilikuwa nimesikiliza jazi nyingi kwenye simu na nilikuwa nimeshajua kufumba macho, kuinamisha kichwa na kukunja uso kama mtu anayeumwa jino. Ilikuwa imebaki kujua kupiga. Siku ya kwanza nilimweleza Mwalimu kwamba kwenye jazi mtu anabuni papo hapo juu ya wimbo ambao wenzake wanaujua. Nilieleza kwa muda mrefu, kwa mifano. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia Fundi.

"Kwenu Endamarariek, wazee wakitoa slufay, wanasoma wapi?"

Slufay ni maombi ya baraka ya Wairaqw. Fundi alicheka. "Hawasomi, Mwalimu. Mzee anatangulia, anaomba mvua, anaombea ng'ombe, watoto, vile neno linavyomjia. Sisi tunaitikia."

"Akikosea?"

"Hakosei. Anaendelea."

"Na wewe Dereva, vijana wa kwenu wakiimba?"

"Kuna mmoja anatangulia, wengine tunanguruma chini," alisema Dereva. "Maneno anayatoa palepale. Kama wewe ni bahili, leo ndiyo utasikia."

Mwalimu akanirudia. "Baba, jazi yako nimeielewa. Pumzika."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Wimbo wetu mkubwa ulikuwa wa Kiitaliano, wa mwanamke anayemfukuza mgeni nyumbani kwake huku akimsihi abaki. Fundi alishika njia moja ya besi, ikazunguka bila kubadilika. Juu yake Mwalimu aliimba kila kitu kama kilivyoandikwa mlangoni. Kisha, mahali tulipokubaliana, aliyaacha maneno, akashika silabi moja tu, akaipandisha, akaigeuza, akaivunja, na mimi nikamjibu kwa saksafoni. Mwishoni sisi wanaume watatu tuliitikia kwa kunguruma, kama kwa akina Dereva, naye akapanda juu yetu mpaka kwenye ile noti ambayo njiwa hawakuipenda.

Kwa upande wa opera alikuwa askari. Ukiongeza noti ambayo haipo mlangoni alisimamisha wimbo. "Aliyeandika hayupo hapa ajitetee," alisema. "Mwachie alichosema." Tulipofika kwenye sehemu ya kubuni, askari huyohuyo alikukataza kurudia hata kitu chako mwenyewe. Fundi alipiga kipande kizuri Jumamosi moja, akakirudia Jumamosi iliyofuata. Mwalimu akanyoosha kidole. "Hicho ulinipigia wiki iliyopita. Nilikuwepo."

Mimi nilipata yangu siku niliyojisikia nimefika. Nilipiga kwa muda mrefu, macho nimefumba, vidole vinakimbia. Nilipoyafungua, Dereva alikuwa anasoma ujumbe kwenye simu. Mwalimu alikuwa ameketi juu ya gunia, mikono mapajani.

"Mwanangu, wewe si mwandishi wa habari?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Umesema mengi sana. Habari yenyewe ni ipi?"

Tangu siku hiyo nikianza kupiga Fundi hunong'ona, "Na sasa ni taarifa ya habari."

Kuna hoteli moja ya watalii kwenye barabara ya kupanda lango la Ngorongoro, na tuliwahi kupiga pale wageni wakila chakula cha jioni. Walitoka kreta wamechoka, wana vumbi masikioni, wanataka supu. Mwalimu alisimama karibu na meza ya mikate, bila kipaza sauti, akaanza. Vijiko vilisimama. Mama mmoja wa Kizungu alianza kulia ndani ya supu. Meneja alimsubiri Mwalimu amalize, akamvuta pembeni, na mimi nikasogea kwa sababu ndivyo nilivyo.

"Mama, ni nzuri sana. Ila wageni wanatarajia kitu cha Kiafrika."

Mwalimu alijitazama kuanzia kwenye viatu, taratibu, akapanda mpaka kwenye skafu. "Na mimi ni kitu gani?"

Hatukualikwa tena, kisha tukaalikwa, kwa sababu wageni waliendelea kuuliza.

Sasa nifike kwenye upumbavu wenyewe, kwa mpangilio.

Dalili ya kwanza ilitokea baada ya mavuno, ghala limejaa. Tulifika mwisho wa wimbo, tunanguruma, naye Mwalimu alitakiwa kupanda kwenye noti yake. Alivuta pumzi na hatukusikia kitu. Akafumba macho. Fundi, kwa kuogopa kimya, akaiacha njia yake ya besi na kupanda juu ya waya mwembamba, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akapiga kitu ambacho hata yeye hakukijua. Wimbo ukaisha. Mimi nikatoa maelezo kwamba sauti ya Mwalimu ilikuwepo ila imemezwa na magunia. Dereva akakubali. Fundi akasema ni kweli, mahindi ya mwaka ule yalikauka vizuri. Mwalimu alikunywa tangawizi yake.

Maelezo ya pili yalikuwa vumbi. Hayo yalidumu mpaka mvua za vuli.

Mvua zikanyesha, vumbi likaisha. Magunia yakauzwa, ghala likaanza kujibu. Na Mwalimu akazidi kuacha nafasi: moja mwishoni, nyingine katikati, nyingine mwanzoni kabisa, pale Kiitaliano kinapopanda. Mtu mwenye akili angeona kwamba mahindi yanapungua na sauti hairudi. Sisi tulikuwa wanamuziki wa jazi, tukaunda nadharia. Nilisema Mwalimu anatupa nafasi kwa makusudi. Kwamba amefuta mpaka kati ya kilichoandikwa na kinachobuniwa. Kwamba ukimya wake ni sehemu ya wimbo. Alikuja mlangoni na kitambaa, akafuta noti moja moja, akaacha mapengo meupe ya chaki, nasi tukatikisa vichwa kwa heshima. Na lazima niseme tulikuwa tunapiga vizuri kuliko wakati wowote. Kila pengo lilimlazimisha mmoja wetu kusema kitu. Dereva alitoa mguu kwenye breki.

Nikatengeneza kipindi cha redio kuhusu "mbinu ya nafasi". Nilimhoji Mwalimu kwake, nikamsogezea kinasa sauti.

"Mwalimu, waeleze wasikilizaji, kwa nini umeamua kunyamaza palepale ambapo watu wanasubiri uimbe?"

Alinitazama kwa muda ambao redioni ni mrefu sana. "Eleza wewe, baba. Wewe ndiye msomi wa jazi."

Nikaeleza. Nilieleza kipindi kizima. Kilirushwa Jumapili baada ya ibada, watu wakanipigia simu kunipongeza, nami nikapokea.

Kipindi kikapendwa, mhariri akataka kirudiwe na muziki mwingi zaidi. Hapo ndipo nilipokaa na rekodi za zamani, za masika yaliyopita, nikaziweka karibu na za juzi. Nilivaa spika za masikioni nikazisikiliza kipande kwa kipande, kazi ambayo ningepaswa kuifanya kabla ya kufungua mdomo. Kila mahali palipokuwa na noti ya juu, sasa palikuwa na nafasi. Hapakuwa na nafasi hata moja kwenye noti za chini. Hata zile za kati, alizokuwa bado anaziimba, zilikuwa na mkwaruzo, kama kuburuta kiti.

Nilimkuta kwenye kishamba chake cha kahawa, upande wa kwenda Oldeani, anapogoa. Nilimwamkia, akaitika bila kuacha mkasi. Sasa niliusikia mkwaruzo hata kwenye "marahaba".

"Mwalimu, nimesikiliza rekodi. Za masika na za juzi."

Alikata tawi, akaliangalia, akalitupa. "Na mahindi yanasemaje?"

Akaendelea mwenyewe, akiongea chini kwa chini kama mtu anayebana matumizi. Kulikuwa na kinyama kimeota kwenye nyuzi za sauti. Alikwenda hospitali Moshi peke yake, akaambiwa kinaweza kutolewa. "Daktari anasema akikitoa, sauti inaweza kurudi. Au ikarudi nyingine. Au ikabaki ya kusalimia watu tu. Nikikiacha, hata ya kusalimia itakwisha."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Noti ile ya kwanza niliikosa. Nilifungua mdomo, hakuna kitu. Nikafumba macho kwa aibu. Halafu nikamsikia Fundi. Ulimsikia Fundi?"

"Nilimsikia."

"Nikajiambia, ngoja kwanza. Tuone na hawa wengine."

"Kwa hiyo mbinu ilikuwa ya kweli?"

"Wewe si uliitangaza redioni?"

"Mwalimu, nafasi zipi ulizikosa na zipi ulituachia?"

Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, akaushika mti wa kahawa mpaka kipite. Alipopata pumzi alinipa mkasi wake nimshikie, akafunga upya skafu. "Mkifika pale msinisubiri," alisema. "Pigeni."

Niliwaambia wenzangu kesho yake kwenye karakana. Dereva alisema, "Ero," yaani kijana, "na wewe ulieleza kipindi kizima." Fundi alizima mashine ya kuchomelea, akavua miwani, akakaa chini kwenye mabaki ya geti. Hakunitania, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

Mwalimu alikwenda Moshi kutolewa kile kinyama, Dereva akampeleka. Akarudi na amri ya kutotoa sauti yoyote, hata mnong'ono, mpaka daktari amwone tena. Mtu aliyetuamrisha kwa miaka sasa alituamrisha kwa nyusi, na nyusi zake zilitosha.

Jumamosi iliyopita alikuja ghalani. Alichelewa. Tulikuwa tumeshafunga mlango tukaanza, Fundi akauacha wimbo akaenda kumfungulia, jambo ambalo sisi hatukuwahi kufanyiwa. Aliingia, akaufunga mlango nyuma yake ili tuone chaki, akatuashiria tuanze upya. Tukapiga. Katikati niliacha kufumba macho, kwa sababu nilitaka kumwona. Tukanguruma. Tukafika mwisho, kwenye lile pengo la kwanza kabisa.

Alikuwa amesema tusimsubiri. Tulimsubiri. Dereva aliinua mikono kwenye kinanda. Mimi, ambaye sijawahi kuacha nafasi yoyote bila kuijaza, niliitoa saksafoni mdomoni. Fundi peke yake aliendelea, chini, njia ileile. Mwalimu alisimama akiwa ameegemea kipande cha kulia cha mlango, kiganja chake kimefunika mahali alipofuta noti. Akavuta pumzi. Tunaijua pumzi ile: mabega hayapandi, tumbo linajaa, skafu inasogea kidogo tu. Tuliisikia ikiingia, maana magunia machache yaliyobaki ghalani hayakutosha kuimeza. Aliishika. Kisha akaitoa taratibu kwa pua, akanyoosha kidole kwangu, akakizungusha hewani: habari yenyewe ni ipi?

Nilipiga kifupi. Hakutikisa kichwa wala kukunja uso. Alitoa kipande cha chaki mfukoni, akaligeukia lile pengo, akaandika noti yake palepale ilipokuwa, kisha akaacha chaki juu ya kinanda cha Dereva na kutoka.

Alhamisi anarudi Moshi, na daktari amesema siku hiyo atamruhusu ajaribu. Tukirudi mazoezini tutakuwa tunajua. Magunia ya mwisho yalipakiwa kwenye lori jana, vumbi halijaanza, na njiwa wamerudi darini. Safari hii hatuna cha kusingizia.